Thumni ya Shangazi na Neno la Kinorwe

Nilisoma sheria Norwe miaka sita, na faida ya kwanza niliyoipata Maskati ilikuwa kukalishwa kati ya shangazi yangu na mtoto wa marehemu mumewe, nieleze neno moja. Mume huyo alikuwa Mnorwe aliyesilimu. Aliacha nyumba kwao Norwe na mwana mmoja wa mke wa kwanza, Mwislamu vilevile, mtu wa miaka arubaini, aliyeshuka Mabela kwa shangazi, kwenye joto la Juni, amevaa sweta la sufu, ana karatasi ya kutiwa saini.

Shangazi alikuwa kwenye eda. Mbele yake kulikuwa na sahani ya halua na kisu.

Neno la kwenye karatasi hiyo lilikuwa uskiftebo. Nikalifungua: u ni kukanusha, skifte ni kugawa, na bo ni makazi, kutokana na kitenzi chao cha kale cha kukaa. Makazi yasiyogawanywa. Mjane hukaa na mali yote mpaka afe au aolewe tena, warithi wakisubiri. Mwana alikuwa amekwisha kuridhia.

"Asubiri nife?" shangazi akauliza. "Mie nna thumni yangu kwa sharia, moja katika nane. Zilobaki zake, azichukue leo."

Akataka orodha. Nyumba, jiko la kuni, koleo la theluji, mbao mbili za kutelezea kwenye theluji.

"Thumni ya mbao mbili ni kiasi gani?"

Nilikuwa natoka kazini Rusayl na njaa yangu, na halua hairuhusiwi kuguswa kabla mirathi haijesha. "Robo ya mbao moja," nikamjibu kwa hasira.

"Andika."

Nikaandika, nikatafsiri. Mwana akaweka kikombe chini akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake. Kwetu, kumpa mrithi haki yake upesi ndiyo heshima. Yeye alisikia anafukuzwa. Alisema kwao wanaokimbilia kugawa ni waliogombana. Mama yake alikufa zamani, sasa na baba, na ile karatasi ilikuwa njia yake ya kubaki na mtu.

Nilimweleza shangazi kwa shida. Akafuta kisu kwa leso.

"Mwambie mali n'tagawa, dhambi ya kuzuia haki ya mtu siiwezi," akasema hatimaye. "Na mwambie chumba anacholala kila Ramadhani sijampa mtu. Sanduku lake kaliwacha hotelini kwa nini?"