Vali Zisizodondosha Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ukaguzi hakunipa hata kiti. Alinipokea uwanja wa ndege wa Baiyun, akanipeleka moja kwa moja kiwandani nje kidogo ya Guangzhou, akanikabidhi brashi na kopo la maji ya sabuni. Nilidhani nimeajiriwa kufanya usafi.

"Mwanangu," alisema, "mafuta yakivuja utayaona sakafuni. Gesi haina adabu hiyo."

Nchi iliyotuajiri ilichimba mafuta tangu zamani. Gesi iliyotoka nayo visimani waliichoma hewani kama taka, hadi walipoamua kuipeleka majumbani kwa mabomba. Sisi tulikagua vali, yaani koki kubwa za kufungia mabomba hayo, kabla hazijapakiwa melini. Watu wa mafuta walizoea kuzijaza maji kwa shinikizo. Maji yasipotoka, vali nzima. Mkuu alirudia kipimo kwa hewa, akapaka sabuni, akasubiri kuona kama hewa inayopenya itatoa povu. Mdogo wake, Saidi, aliwahi kuingia kwenye chumba cha vali iliyopimwa kwa maji tu. Gesi ilikuwa imejaa humo; hakutoka hai.

Mkuu alipostaafu nilibaki peke yangu. Ukaja mzigo mkubwa, meli ikiwa bandarini. Maji hayakudondoka hata tone. Sabuni ikatoa povu.

"Laoban, bu xing," nilimwambia mwenye kiwanda. Haiwezekani.

Akampigia Meneja wa Mradi, naye akanipigia mimi.

"Bibie, vali zimefaulu kipimo. Weka saini, ama nitamleta atakayeweka."

"Mlete, bosi. Lakini aje na sabuni."

Nilikata simu nikalia, sitaficha. Nilikuwa na watoto shuleni.

Aliyeletwa alikuwa Mkuu mwenyewe, ametolewa kwenye mapumziko yake. Alipaka, akainama, akatazama povu kwa muda mrefu.

"Rudisheni zote," alisema.

Zikarudishwa. Mkataba wangu nao haukuongezwa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi nililisikia, na guu likavunjika vilevile.

Leo naishi mtaa wa Sanyuanli, hapa hapa Guangzhou, kwa binti yangu, anayesafirisha vitambaa vya soko la Zhongda. Kila asubuhi napaka sabuni kwenye mpira wa gesi.

"Bibi, jiko linaoga tena!" wajukuu hunicheka.

Nawaacha wacheke. Saidi sikumjua, hata picha yake sijaiona. Lakini siwashi jiko kabla sijamwombea.