Mawingu ya Kondoa, Mto wa Shangazi

Kilichoninyima usingizi ni wingu ambalo halikunyesha. Nililiona kwenye picha ya setilaiti, jeupe, kubwa, limekaa juu ya vilima vya Kondoa. Nikaandika tahadhari ya mafuriko, mkuu wa zamu akaipitisha, redio ikaisoma. Halikuanguka hata tone. Kumbe lilikuwa ganda la dhoruba iliyokwisha kufa: juu barafu, chini hakuna kitu, na setilaiti huona juu tu. Chuoni niliulizwa kuhusu wingu la namna hiyo kwenye mtihani, nikapata. Kitandani nilijiuliza: kama siku ile sikulitambua, nitalitambua lini?

Wiki iliyofuata likatokea jingine, palepale.

Chumba chetu cha utabiri wa hali ya hewa hapa Dodoma kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Kati ya picha moja na nyingine huna la kufanya ila kuikodolea macho ile ya zamani. Niliikuza, nikaipunguza. Niliinuka kwenda kunywa maji, nikarudi bila kunywa. Upande wa Bahi, mto utokao Kondoa huwa mchanga mtupu miezi mingi, na shangazi yangu, kama wenzake kijijini, huchimba humo visima vya kuchota maji na kunyweshea punda. Aliye ndani ya kisima huona kipande cha mbingu tu. Kikiwa safi, anaendelea kuchota. Maji ya mvua ya mbali humkuta hapohapo.

Nikampigia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwenye mvua! Ile yako ya juzi tuliitegea ndoo, tukakinga vumbi."

"Uko wapi?"

"Mtoni, nitakuwa wapi? Jua linapasua kichwa. Au leo unatuletea bahari?"

Nyuma yake watu wakaangua kicheko. Nilitaka kumwambia atoke, nikaishia kusema, "Haya, nitakupigia baadaye."

Picha mpya ikaja. Wingu limetanuka. Lakini ganda nalo hutanuka. Safari hii katikati yake palikuwa na uvimbe uliochomoza, kama uji unapoanza kuchemka. Ganda halichemki. Au nilikuwa naona ninachokitaka?

"Mzee, tutoe tahadhari," nilimwambia mkuu wa zamu.

"Subiri picha nyingine, binti. Wakitucheka mara ya pili, ya tatu hawatatusikiliza."

Alisema kweli, na ukweli huo ndio ulionibana. Nikikosea tena, nimewaziba watu masikio. Nikingoja, shangazi yuko shimoni.

"Na maji yakitangulia kabla ya picha?"

Akavua miwani, akanitazama. "Basi leo simpi mtangazaji. Utaisoma mwenyewe redioni, kwa sauti yako."

Nadhani alitegemea nirudi kwenye kiti changu. Hata mimi nilitegemea hivyo. Nikanyanyua simu ya mezani, nikaomba kuunganishwa na studio.

"Mimi ndiye niliyewatangazia mvua wiki iliyopita, ikakosa," nilisema. "Najua hapo mlipo jua linawaka. Msitazame juu. Maji yanatoka Kondoa. Tokeni mtoni, nyinyi na punda wenu."

Kisha nikampigia shangazi, nikamwambia sikati simu mpaka nimsikie amepanda ukingoni.