Waya ya Taa za Miche

Jua letu la Mugutha lilichukuliwa na ghorofa. Plot ya jirani ilikuwa mahindi na mbuzi mmoja, halafu mwenyewe akaanza kujenga, akajenga, nafikiri akasahau kuacha. Miche yangu ya pilipili hoho, ile naotesha kwa treya nauzia wakulima wa Gatuanyaga, ikaanza kurefuka ikitafuta mwangaza, nyembamba, shingo imepinda, kama watu wanachungulia ajali.

Nikasema nitatengeneza jua langu. Shamba fulani la maua lilikuwa linatupa taa kuukuu, zile kubwa za rangi ya zambarau, nikapata mbili. Nikapigilia mbao za pallet, nikasimamisha kitu kama kabati bila milango, ndani nikabandika karatasi za krispi, upande wa kung'aa ukiangalia miche. Mke wangu aliangalia hiyo kazi, akauliza kama ni kanisa.

Nyumba yetu ni chumba kimoja kikubwa na pazia katikati. Huku miche, huku kitanda chetu na cha mtoto wetu wa kike, ambaye hata shule hajaanza. Kwa hivyo waya nilijua si ya kuchezea. Nilienda Thika kununua nikiwa nimejipanga. Nilibeba sumaku, nilitoa kwa spika iliyokufa. Mtu alikuwa ameniambia siku hizi wanauza waya feki, si kopa ya ukweli, ile shaba nyekundu, na kopa haishikani na sumaku. Mimi shule niliachia form two, na nafikiri sumaku ilikuwa ya form three.

Kwa duka la hadwea nikaomba waya, nikaweka sumaku kwa ncha. Haikushika. Nikapima nyingine ya bei ya juu. Haikushika pia. Nikamwangalia muuzaji nikacheka, kama mtu amemshika mwizi na kumsamehe. Nikachukua ile rahisi, nyembamba, ya nyuzi mbili. Nilipofika nyumbani nikaunga kwa kusokota na tepu, nikapitisha waya chini ya kapeti ndio mtoto asijikwae. Niliona hapo kwa kapeti nimefikiria kama injinia.

Taa zikawaka. Dirisha letu likawa zambarau, plot yote ikaanza kutusalimia vibaya. Watu walikuwa wanasema "habari yenu" wakiangalia pazia. Mama wa nyumba ya mwisho aliacha kutuma watoto kwetu kuomba chumvi. Mwishowe keateka, yule anamwangalilia landlord plot, akabisha mlango mchana, na hakungoja kuitwa.

"Boss," akaniambia, "landlord amesikia unapanda kitu."

"Napanda hoho."

"Hoho ndio inataka taa ya disko?"

"Jua mmejengea ghorofa."

"Si mimi nilijenga." Akaingia, akainama kwa treya, akasugua jani, akanusa vidole. Akanusa tena hewa, pua juu, kama mbwa wa polisi mwenye hajalipwa. Mke wangu alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Keateka akazunguka chumba akinusa, akafika karibu na pazia, akasimama.

"Hii si bangi," akasema.

"Si nimekuambia."

"Hii ni plastiki. Kuna kitu inaungua hapa kwenu."

Nikataka kumwambia ni krispi. Mke wangu akainua kapeti. Waya ilikuwa imelainika kama chapati ya maji, na pale nilisokota, tepu ilikuwa imekauka rangi ya chai. Kapeti chini ilikuwa na mstari wa kahawia unaoelekea kitanda cha mtoto. Nikachomoa plagi. Keateka ndiye aliuliza kwanza.

"Sasa landlord nitamwambia nini?"

"Mwambie ni hoho," mke wangu akasema, bila kunitazama.

Hiyo jioni alipanga nguo za mtoto kwa mfuko, akampeleka kwa dada yake huko Kahawa Sukari. "Atarudi waya ikitoka," akaniambia. "Si ukiniambia imetoka. Nikiona."

Nikakaa na wembe, nikakwangua ile waya. Juu nyekundu, ndani nyeupe. Aluminiamu iliyopakwa kopa, ile huchemka ikibebeshwa taa kubwa. Na aluminiamu pia haishikani na sumaku. Nilikuwa nimetoka Mugutha mpaka Thika kuuliza sumaku swali yenye haijui.

Nikarudi hadwea.

"Hii si kopa," nikamwambia muuzaji.

"Nani alisema ni kopa? Ulikuja na sumaku yako, ukapima, ukacheka, ukaenda. Mimi nikaona huyu ni fundi."

"Nataka nene, ya nyuzi tatu, yenye uzi wa ardhi."

Akachukua roli moja. Nikatoa wembe kwa mfuko. Akaangalia wembe, akarudisha hiyo roli kwa shelfu polepole, akaingia nyuma, akarudi na ingine nzito. Nikakwangua: nyekundu mpaka ndani. Nikamwambia akate nikwangue tena upande ule mwingine.

"Mzee, unanunua waya ama unachinja?"

Safari hii sikusokota kitu. Viungo niliweka kwa konekta za skrubu ndani ya kisanduku, uzi wa ardhi nikafunga kwa bati la taa, plagi nikaweka fyuzi ya kutosha taa tu, na waya nikapandisha ukutani kwa klipu, mahali kila mtu anaiona. Karatasi za krispi niling'oa zisishike moto, nikapaka mbao rangi nyeupe.

Mke wangu akawasha taa za miche, akapika, tukala, akaosha vyombo. Halafu akaenda kwa ukuta akaigusa waya kwa mgongo wa mkono, kutoka soketi mpaka juu, vile anagusanga mtoto akishuku homa. Akafanya hivyo siku nyingi. Siku moja nikarudi, nikapata mtoto amelala kwa kitanda chake.

Keateka bado hupita kwa dirisha akinusa. Juzi mke wangu aliingia kulala bila kugusa waya, nikamwona. Nikangoja apumue kama mtu amelala, nikaamka nikaigusa mimi. Ilikuwa baridi. Nikaigusa tena pale juu, kwa kisanduku.