Kengele ya Jirani

Siku niliyokuta sebule haina mapazia nilimjua mwizi papo hapo. Nilikwenda moja kwa moja uani, nikamkuta mume wangu amepiga magoti kando ya nyanya zangu, msumeno mkononi, anakata zile fito za alumini za kutundikia mapazia.

"Baba watoto, sasa wapita njia watuone tunavyokula?"

"Watuone. Kwani tunakula cha wizi?" Hata uso hakuinua.

Mume wangu alikuwa mkuu wa stesheni kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu alikaa kitini wiki mbili tu, akaanza kunifundisha kupika. Mimi! Nikamwambia atafute la kufanya kabla hatujavunjiana heshima, naye akaamua kujenga reli uani. Kwa hiyo lawama nyingine ni zangu, nakubali.

Fito zikawa reli. Mataruma ya kulalia reli aliyachonga moja moja kutoka kwenye vibao vya kreti, yakapita mia nane. Kokoto alizichekecha kwa chekecheo langu la unga, na hapo tulinuniana siku mbili nzima. Mtaro wa maji ya jikoni aliujengea daraja. Kichwa cha treni alikiunda kwa kopo la maziwa, ndani akatia betri na mota ya redio kaseti iliyokufa. Stesheni zilikuwa mbili, moja mlangoni mwa jiko, nyingine kule mwisho chini ya mpapai. Ile ya jikoni aliiwekea hadi ndoo nyekundu za mchanga wa kuzimia moto, kila moja ukubwa wa kifuniko cha kalamu. Na mbele ya nyumba ya mkuu wa stesheni akamsimamisha mwanamke wa kuchonga kwa mti, gauni la njano, mikono kiunoni.

"Huyu nani?"

"Unamjua. Anagomba tangu asubuhi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndivyo alivyo huyu mtu, anakuudhi kisha anakuchekesha, hujui umshike wapi.

Stesheni ya mpapai ilikuwa ya Jirani. Jirani alikuwa mkuu wa stesheni iliyoifuata ya kwetu, kilomita thelathini mbele, na hawa wawili waliitana hivyo miaka yote ya kazi. Reli ilikuwa moja, ya kwenda na kurudi, kwa hiyo hakuna treni iliyoachiwa bila kuuliza. Mume wangu alipiga kengele ya waya, iliyolia kule kwa Jirani, tatu za haraka, kisha moja peke yake. Njia ikiwa wazi, Jirani alirudisha zile zile. Asiporudisha, treni haiondoki, hata abiria watukane matusi ya nguoni.

Jirani aliahidi kuja kuifungua reli ya uani na kusimamia stesheni yake. Mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe akapata kiharusi. Upande mmoja ukalala, akawa hawezi kutamka neno.

Reli ikaisha, ikapakwa rangi, na treni ikasimama jikoni miezi minne. Kila asubuhi mume wangu aliifuta vumbi, haiwashi.

"Si uiwashe tu?"

"Sijapewa njia."

"Basi mpigie simu mwenzako."

"Nimpigie aseme nini, na hasemi?" Akanipa mgongo. "Na kama hanijui tena?"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimla! Aliogopa kupiga simu akakuta Jirani hayupo tena ndani ya yule mgonjwa. Nilimhurumia, na papo hapo hasira zikanipanda. Rafiki wa miaka yote hiyo analala kitandani bila salamu, kisa woga?

Jumamosi nikamtolea uvivu. Nikampigia binti yake Jirani, nikamwomba amwekee baba yake simu sikioni. Nikaongeza sauti, nikamtia mume wangu simu mkononi pale uani.

"Haya. Zungumza."

Upande wa pili tulisikia pumzi tu, nzito. Nikadhani mume wangu atakata. Badala yake akapenyeza mkono dirishani mwa jiko, akachukua kijiko, akagonga sufuria tupu. Tatu za haraka. Moja peke yake.

Kisha tukamsikia binti: "Baba, unataka nini? Maji?" Kitu kikaburuzwa. Halafu tukasikia kijiko kwenye gilasi, taratibu, kinatetemeka. Tatu. Nikabana pumzi. Moja peke yake.

"Jirani!" Mume wangu akalia waziwazi, mzee mzima, makamasi na yote. Simcheki, maana na mimi nilikuwa vivyo hivyo.

Akainama, akawasha treni. Ikavuka daraja la mtaro, ikazipita nyanya zangu, ikashika njia ya mpapai. Kule hapakuwa na wa kuipokea. Nikatoka mbio, kandambili moja nikaiacha njiani, nikaidaka.

"Imefika!" nikapiga kelele.

Kwenye simu ikagongwa mbili, kisha moja.

"Hiyo nayo ndiyo nini?" nikauliza.

"Imefika salama," mume wangu akasema, akijifuta kwa kiwiko. "Anasema njia iko wazi, tulete nyingine."

Nyingine hatuna. Nikaibeba ile ile hadi jikoni, nikairudisha relini.