Masanja Hakuwa na Simu, Nikamwacha Nje ya Jedwali

Nilikosea mimi. Watu hapa Kewanja wanasema kompyuta ndiyo ilikosea, na nimewaacha waseme. Uongo! Ni mimi. Mbele ya watu sauti hunikwama, ndiyo maana naandika.

Baba mdogo ana duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Likizo ya kidato cha tatu akaniambia, "Binti, si umesoma kompyuta? Nitengenezee mpango wa kujua nani ameshuka na nani ametoka." Nilifurahi jamani!

Nikaunda jedwali. Majina hayakufaa. Kwetu ukiita "Mwita!" duarani, nusu ya watu wanageuka. Nikaamua namba ya simu ndiyo iwe ufunguo mkuu, ile alama ya kumtenga kila mtu na mwenzake. Nikajiona nina akili!

Mwalimu alishatufundisha, mimi nikakariri tu. Ufunguo mkuu ni mmoja kwa jedwali, haujirudii, na hauachwi wazi kamwe. Ufunguo wa kipekee nao haujirudii, ila unaweza kuruhusiwa kuachwa wazi, na jedwali moja linaweza kuwa nao kadhaa. Simu ilistahili kuwa huu wa pili. Ufunguo mkuu ungekuwa namba ninayompa mtu mimi mwenyewe, awe na simu au asiwe nayo.

Asubuhi moja akaja Masanja, Msukuma aliyeuza simu yake apate nauli ya kufika huku.

"Shikamoo. Namba yako ya simu?"

"Marahaba. Sina simu, mwanangu. Weka ya huyu Mwita, tunalala chumba kimoja."

Nikaiweka. Kompyuta ikakataa, Mwita alishaandikwa kwa namba hiyo. Nikaacha wazi. Ikakataa tena!

Mwita akacheka. "Kumbe mashine yako haitaki Wasukuma!"

"Kwa hiyo bila simu mimi si mtu?" Masanja naye akacheka, akafunga tochi kichwani, akashuka.

Nilitakiwa kumwambia baba mdogo pale pale. Nikaona aibu, maana alikuwa akinisifu kwa wageni wake. Nikajisemea nitarekebisha kesho.

Mchana ukuta wa duara ukaporomoka. Wachimbaji wakavutwa mmoja mmoja, nami nikiweka alama kwenye jedwali, Mwita akiwa amezimia. Baba mdogo akanifokea, "Nani amebaki chini?" Kwa hofu nikasoma tu kilichokuwa kwenye kioo. Wote wametoka.

"Hakuna!" nikajibu. Waliokuwa wakifukua wakaweka sururu chini.

Mwita alipozinduka ndipo akauliza, "Masanja yuko wapi?"

Mungu wangu! Wakarudi kuchimba, wengine kwa mikono mitupu.

Alitoka hai. Lakini jiwe lilikuwa limeubana mguu muda wote ule, na hospitalini wakaukata. Daktari alisema angewahi kutolewa, pengine ungepona.

Nilikwenda kumwona. "Shikamoo," nikasema nikitazama chini.

"Marahaba, binti wa kompyuta. Haya, siku hizi umeniandika?"

Alikuwa anatania. Nikatoka nje nikalia.

Nimelibadilisha jedwali. Masanja ana namba yake, na pa simu pako wazi. Itamsaidia nini? Hashuki tena.

Wewe unayejifunza mambo haya, kabla hujachagua ufunguo mkuu jiulize ni nani hana kitu hicho. Na mashine ikimkataa mtu, sema hapo hapo, hata ukichekwa! Mimi niliogopa kuchekwa. Mwenzangu anatembelea magongo.