Mama hajui alivyoandikwa

Sijamwambia mtu: leo nimemdanganya mama mbele ya majirani.

Kaka Elia, mtoto wa shangazi, anasoma chuo Iringa. Alikaa kwetu Mafinga akimhoji mama kuhusu vumbi la mbao kiwandani, lililommaliza kifua marehemu baba. Leo ametuletea ripoti yake.

Mama hajui kusoma. Akaita majirani.

"Haya mwanangu, tusomee pale niliposema mimi."

Nikapaona. Kabla ya maneno ya mama, Elia ameandika: "Mjane mmoja asiye na elimu alidai kwamba..."

Kuficha jina naelewa, hata shuleni tulifundishwa. Lakini "alidai"? Mama aliyemuuguza baba mpaka mwisho? Na ugali wetu aliula!

Nikasoma: "Mama Upendo, aliyemuuguza mumewe kwa mikono yake, anaeleza kwamba..."

Vigelegele. Jirani akamtania, "Eh, umeingia kitabuni! Kesho utatusalimia kweli?"

Mama akafuta machozi. "Rudia hapo penye jina langu."

Nikarudia. Elia akatazama chini.

Sasa mama anataka Jumapili mzee wa kanisa aisome ripoti hiyo mbele ya watu wote.

Sijui nitafanyaje. Mnaomjua mama, nawaombeni, msimwambie.