Mkufu Juu ya Koti

Basi lilitoka Columbus asubuhi, na mpaka Cleveland barabara ilikuwa nyeusi na safi. Baada ya hapo Ziwa Erie likaanza kutuchezea. Theluji haikuanguka kutoka juu kama nilivyozoea. Ilikuja kwa ubavu, ikapiga vioo vya kushoto mpaka hatukuona kitu. Karibu na mji wa Erie tukasimamishwa pembeni pamoja na malori, tungoje magari ya kusafisha njia. Mama mmoja Mmarekani akafungua pakiti ya biskuti, akaipitisha kwa majirani wa viti kama tuko sebuleni kwake. Mimi nilikuwa nimevaa suti ya rangi ya divai, skafu inayong'aa na viatu vya ngozi vyenye ncha. Mtu wa Uvira hasafiri kama anayekimbia, hata pale anapokimbia kweli.

Kuhama nilikuwa nimekuzoea. Nilitoka Uvira nikaenda kambini Kigoma, ambako nilimalizia sekondari na kukiokota Kiswahili hiki ninachoandikia. Kutoka Kigoma tulipelekwa Louisville, mimi, dada yangu mkubwa na mumewe. Wao wakahamia Buffalo kufuata nyumba yenye vyumba vya kutosha. Mimi nikaenda Columbus kufuata kazi ya ghala, ingawa sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimeshazijua barabara zote za Louisville, na barabara niliyoijua hunichosha.

Lakini safari hii haikuwa ya miguu kuwasha. Mpwa wangu, binti pekee wa dada, alinipigia simu. Baba yake alikuwa amefariki majani yalipokuwa yakipukutika, na tangu theluji ya kwanza mama yake hatoki. Huchukuliwa na gari la mwenzake wa kazi mlangoni, hufanya kazi yake kwenye nyumba ya wazee, hurudishwa mlangoni, hufunga pazia. Kanisani haendi. Dukani humtuma binti. Alikuwa ameanza kusema kwamba afadhali angebaki kambini. Mpwa wangu alieleza yote hayo kwa Kiingereza, kisha mwishoni akatafuta Kiswahili ili nisije nikasingizia kwamba sikuelewa: "Mjomba, njoo umtoe nje."

Walikaa Riverside, mtaa wa Buffalo, kwenye nyumba ya mbao ya rangi ya majivu, si mbali na mto. Dada alifungua mlango, akanitazama kuanzia kichwani, akasimama kwenye viatu.

"Bon," alisema. "Umekuja kunizika, ama umekuja kuzikwa?"

Binti yake akasema kwa Kiingereza kwamba viatu vyenyewe vilikwisha kufa njiani. Tulicheka, tukala ugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, lakini pazia lilibaki limefungwa.

Ili mtu aelewe lazima nieleze dada yangu alikuwa nani. Kambini, ambako watu walivaa walichopewa, yeye alichukua kikwembe kimoja, yaani kitenge, akakishona hivi Pasaka na vile Krismasi. Alisokota karatasi za zamani zikawa shanga, akazivaa shingoni na mikononi, na wanawake walimngoja apite ndipo wajue Jumapili hii mitindo imekwenda wapi. Nilipomuuliza zile shanga zimeishia wapi, alionyesha koti lake jeusi lililoning'inia nyuma ya mlango.

"Hapa unavaa kikwembe chako kizuri, halafu unakifunika na ile. Wote tunafanana mifuko ya takataka. Kinachoonekana ni koti. Miye sionekane tena."

Hata suti yangu ya divai ilikuwa imekaa kabatini, na mimi nilikuwa nimenunua koti jeusi kama lake.

Jumapili ya kwanza nilikwenda kanisani peke yangu. Wengi pale ni wa kwetu, kutoka Kivu, na Wakenya wachache waliokuja kusoma wakabaki. Mmoja wao, mama wa makamo anayefanya kazi ofisini huko Amherst, alinisalimu vizuri akaniuliza kilichonileta Buffalo. Nikamwambia nimekuja kukaa na yaya.

Kwetu sisi, yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Ndivyo nilivyomwita dada tangu nijue kusema. Kwa Wakenya yaya ni mwanamke anayeajiriwa kulea watoto. Nilikaa Kigoma miaka mingi, nilipaswa kukumbuka, lakini neno la utotoni halipiti kwenye akili kabla ya kutoka.

Yule mama aliniambia nimebarikiwa kuwa na yaya katika nchi hii. Nikasema kweli, Mungu alinipenda. Akauliza kama ni mtu mzuri. Nikamwambia ndiye aliyenilea mimi mwenyewe, na hakuna mwingine kama yeye. Akanitazama kidogo, nadhani akihesabu umri wangu, kisha akauliza kama huwa na nafasi Jumamosi. Nikafurahi: nilidhani anataka kumtembelea mfiwa. Nikamwambia Jumamosi yaya yuko nyumbani siku nzima, aje tu.

Jumamosi alikuja na watoto wawili wadogo na mfuko wa nepi. Nilikuwa jikoni, nikasikia mazungumzo mlangoni.

"Wewe ndiye yaya?"

"Njo miye," dada akajibu. "Karibu, mama."

"Asante sana. Sasa, huyu mdogo asipewe maziwa, tumbo lake linasumbua. Na huyu msichana ukimwachia televisheni hatakula."

Baadaye dada aliniambia alifikiri pengine Wakenya ndivyo wanavyotoa pole. Nilipotoka jikoni nikamwona yule mama anatazama saa yake na mguu mmoja tayari uko nje, nikaelewa yote kwa pamoja. Nikaeleza, nikajikwaa, nikaeleza tena. Yule mama alijifunika uso kwa glavu zote mbili. Dada aliketi kwenye ngazi.

"Donc," alisema polepole, "mdogo wangu amenikodisha."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na binti yake akatoka chumbani kuangalia kuna nini, maana ilikuwa muda tangu aisikie sauti hiyo. Yule mama naye akaanza, akiomba radhi katikati ya kicheko. Mwishowe dada akapangusa macho, akanyoosha mikono kumchukua mdogo. "Acha hawa watoto. Enda kwenye kazi yako. Miye nimelea wabaya kuliko hawa, mmoja ni huyu hapa."

Msichana alilia mama yake alipoondoka. Dada akachukua vipeperushi vya supamaketi vinavyoingizwa mlangoni kila wiki, vyenye picha za nyanya na machungwa, akavikata pembetatu ndefu, akazisokota kwenye kijiti, akabandika ncha kwa gundi. Mikono yake ilikuwa haijasahau. Mama aliporudi, mtoto alikuwa na mkufu mrefu mwekundu na wa manjano. Walipomvalisha koti mkufu ukaingia ndani, akapiga kelele. Wakautoa ukakaa juu ya koti, akanyamaza. Dada alisimama mlangoni na kandambili, baridi ikiingia nyumba nzima, akimtazama mtoto akivuka theluji kwenda kwenye gari. Uwanja wote mweupe, koti jeusi, na juu yake ile rangi. Nilimwambia afunge mlango. Hakunisikia.

Kuanzia hapo meza ya kulia ikawa si yetu tena. Kwanza alijaribu waya wa shaba, kwa kuwa sisi shaba tunaiheshimu, akamtengenezea binti yake hereni. Binti alikwenda nazo shule akarudi kazishika mkononi: chuma hubeba baridi mpaka kwenye ngozi, na masikio yalikuwa yanawaka. Dada akarudi kwenye karatasi, ambayo ni nyepesi na haina ubaridi. Karatasi nayo ikalowa theluji ikafumuka. Ndipo akaanza kuzipaka shanga rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka juu ya tabaka, akizikausha zimetundikwa juu ya hita, na nyumba ikanuka saluni. Kifungo cha nyuma kilimsumbua zaidi. Kile kidogo cha kawaida hakifungiki ukiwa na glavu, na ukivua glavu vidole vinakufa. Akatia kitufe kikubwa cha koti na kitanzi cha uzi mbele, kwenye bega, na kitufe chenyewe kikawa pambo.

Yule mama wa Amherst alivaa mkufu wa kwanza kwenda ofisini. Wenzake wakamsimamisha kwenye korido. Wanawake wa kanisani wakaja kujionea, wakikung'uta buti mlangoni, wakitania kwamba sasa wataweza kujuana kituoni bila kuitana majina. Mikufu ilikwenda Amherst, ikaenda North Buffalo, mmoja ukatumwa Louisville kwa dada wa marehemu mumewe. Dada mwenyewe hakwenda popote. Nilimwambia kazi za mikono yake zinatembea kuliko yeye. Akasema na ziendelee tu, yeye amezoea dirisha.

Mwezi wa pili kijana mmoja wa kanisani alioa. Kwetu mabibi harusi hawaendi kimyakimya; kina mama huvaa kikwembe cha namna moja na kumtoa binti kwao wakiimba. Siku hiyo baridi ilikuwa kali, na kila mtu alijua vikwembe havitaonekana hata pindo. Wakamletea dada vipande vilivyobaki kwa fundi, akavizungushia kwenye shanga kubwa za karatasi, kila mama akapata mkufu wa sare yake wa kuvaa juu ya koti. Asubuhi walikuja kuichukua. Alikuwa anawafunga mmoja mmoja, akiwarekebisha mabega, mpaka mkuu wa akina mama akauliza wa kwake uko wapi.

Hakuwa amejitengenezea. Alisema ana kazi jikoni, waende, wamwimbie na yeye. Hakuna aliyesogea. Yule mama wa Amherst, ambaye hata sare alikuwa ameazimwa, alifungua kitufe chake begani, akamvisha dada.

"Yaya," alisema, na safari hii alilitumia neno kwa maana yetu, "mkubwa ndiye hutangulia."

Dada aliangalia koti nyuma ya mlango. Kisha akalichukua, akavaa, akautoa mkufu nje ya kola kama alivyofanya mtoto yule, akaomba buti.

Tulitoka. Jua lilikuwa limepiga theluji mpaka macho yanauma, na moshi mweupe uliinuka juu ya mto. Walikwenda mbele yangu kwa mstari barabara nzima, makoti meusi, kila moja na duara la rangi ya buluu na ya chungwa kifuani, mvuke ukiwatoka midomoni pamoja na wimbo. Majirani walifungua milango. Nimeishi mahali pengi na sijaona kitu kilichopendeza kama kile. Ilihitaji weupe ule wote. Kwetu, kwenye majani na udongo mwekundu, rangi zile zingepita bila mtu kugeuka.

Nilikaa majira mengine ya baridi. Dada akaanza kufundisha Jumamosi, mara nyingine nyumbani, mara nyingine Amherst. Pazia akalishusha akalifua, na likakaa muda mrefu limekunjwa kabla ya kurudishwa. Siku moja tunasokota karatasi pamoja, aliniambia bila kuinua kichwa:

"Weye unaanza kutazama mabasi."

Nikamuuliza nani atakaa naye.

"Kwani niko mgonjwa? Enda, mdogo wangu. Ukibaki hapa kwa ajili yangu utanichukia."

Nilikata tiketi ya kwenda magharibi, mahali nisipokuwa na ndugu. Nilijiandaa kwa machozi ya stesheni. Lakini asubuhi ile nilimkuta amekwisha vaa, mkufu wa kijani juu ya koti, kapu la shanga mkononi. Wanawake wa Amherst walikuwa wanamngoja. Sombe iko kwenye friji, alisema, niibebe. Ufunguo nidondoshe kwenye tundu la barua.

"Basi yako ni saa sita. Miye yangu ni saa hii."

Akanikumbatia kwa mkono mmoja, kapu likiwa kwenye mwingine. Gari likapiga honi, akashuka ngazi, akakanyaga theluji mpya bila kungoja mtu aisafishe. Nikabaki na begi langu katika nyumba isiyo na mtu. Nikamaliza chai, nikafunga mlango, nikatumbukiza ufunguo, nikaenda stesheni bila wa kunisindikiza. Sikumbuki kuondoka kwingine kulikonifurahisha hivyo.